Miaka Kumi Niliyomchelewesha Mama

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa mama, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni binti wa marehemu, mtoto wake wa kwanza, na ndimi niliyepewa kazi ya kumwandika. Mliopata karatasi mnaweza kufuata humo. Nimefundisha shule miaka ishirini na minne, kwa hiyo sauti ninayo, ila leo siiamini sana. Mdogo wangu amesimama hapa pembeni, na ikinikatika ataendelea yeye. Kamati ilinipa ukurasa mmoja. Nilijaribu, haukutosha.

Mama yetu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa pili, ile nyumba ambayo mlango wake umepakwa kijani hadi leo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mlinzi wa geti la reli na mkewe, aliyekuwa akifua mashuka ya wageni wa hoteli ya stesheni. Kati ya watano hao wamebaki wawili, mjomba wetu ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na mama mdogo. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa kimya, akanyamaza hata alipoogeshwa, na kwamba alilia mara ya kwanza pale mkunga alipomvua kitambaa alichokuwa amefunikwa. Mama alikuwa akisema bibi anatia chumvi.

Aliingia shule ya msingi ya mji huu Januari 1960 na kumaliza mwaka 1967. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa sana kwenye hesabu, ingawa macho yake yalipima vizuri kuliko rula. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta anamkodolea macho, akamwamuru asimame aseme alikuwa anafikiria nini. Akasimama, akasema kwa adabu zote kwamba bega la kushoto la mwalimu lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na kwamba shati lile lingemkaa vizuri kama lingekatwa upya. Alichapwa viboko viwili. Wiki iliyofuata mke wa mwalimu alileta shati nyumbani kwao, limekunjwa ndani ya gazeti, na huyo akawa mteja wake wa kwanza. Masomo ya juu hakuendelea nayo, kwa sababu nyumba ile iliweza kusomesha mtoto mmoja tu na aliyetangulia alikuwa kaka yake. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa hilo, na mjomba mwenyewe atakuwa shahidi wangu.

Januari 1969 alikwenda kujifunza ushonaji kwa mzee mmoja ambaye mji mzima ulimwita Fundi Mkubwa, kwenye chumba kilichopakana na kinyozi, mtaa wa maduka. Kilikuwa na cherehani nne, meza moja ndefu ya kukatia na benchi la wateja ukutani. Fundi Mkubwa alimfundisha kukata, kupiga pasi na kutunza daftari la vipimo, na zaidi ya yote alimfundisha sheria ya kazi: mteja akileta kitambaa, fundi huandika jina, vipimo na siku ya kuchukua, basi. Nguo inakwenda kwa nani, haimhusu. Sheria hiyo iliwaokoa na mengi. Kuna bwana mmoja aliwahi kuleta kitambaa cha aina moja chenye maua ya zambarau, akataka magauni mawili, moja la mwanamke mnene na moja la mwembamba, na akaomba yafungwe kwenye vifurushi tofauti. Mama aliyashona yote mawili bila kuinua uso. Walipokutana wenye magauni hayo barabarani, mtaa ulichangamka, lakini hakuna aliyeweza kusema fundi alitoa siri.

Fundi Mkubwa alipostaafu mwaka 1979 alimwachia chumba na cherehani zote. Mama alikifungua chumba kile kila siku ya kazi saa mbili kamili kwa miaka arobaini na miwili. Alifundisha mafundi thelathini na wanne. Wengi wenu mko hapa, na najua mnaziangalia nguo za watu mkitafuta mishono iliyopinda. Yeye angefanya vivyo hivyo.

Sasa nafika mahali ambapo kamati iliniomba nipite haraka. Nimekataa, na naomba mnivumilie.

Miaka ile mama alipokuwa msichana akifanya kazi kwa Fundi Mkubwa, kulikuwa na kijana fundi bomba wa idara ya maji, aliyepewa jina la Taratibu kwa namna alivyofanya kila kitu bila papara. Mnamfahamu. Kwa miaka miwili alikuwa akija kukaza bomba lililokuwa nje ya mlango wao, bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alilikaza mpaka Fundi Mkubwa akamwambia siku moja litabaki mkononi mwake. Mji mzima ulijua anamtaka yule msichana wa cherehani ya dirishani. Msichana mwenyewe alihisi, akasubiri aambiwe. Lakini kijana alikuwa domo zege, mtu wa kumeza mate na kuuliza habari za mvua.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti 1974 alikuja na yadi saba za satini nyeupe. Akasema anataka gauni la harusi. Mama akamwuliza vipimo. Akajibu atumie vyake mwenyewe, kwa sababu atakayelivaa hampiti na wala hapitwi naye. Kwa Taratibu hapo alikuwa ameshamaliza. Alikuwa ameomba uchumba, amemwonyesha na kitambaa, amebaki kungoja jibu. Kwa mama, fundi aliyefundwa akafundika, pale palikuwa na mteja na kitambaa cha watu. Alitusimulia kwamba moyo ulimshuka hadi miguuni lakini mkono uliendelea kuandika. Akaandika kifua, kiuno, nyonga, urefu, vyote vyake, na siku ya kuchukua, tarehe 31. Hakuuliza, na wala mkubwa wake hakumfundisha kuuliza.

Kila Jumamosi Taratibu alipita kuona kazi ilipofika. Alimwuliza kama gauni analipenda. Mama alijibu kwamba kazi ni kazi. Taratibu aliondoka anatabasamu njia nzima, akidhani binti wa watu anaona haya. Mama naye wiki zile zote alitembea mjini akipima viuno vya wasichana kwa macho, akitafuta ni yupi huyo anayelingana naye.

Mwezi huohuo karani mmoja wa kiwanda cha mafuta alipeleka posa kwa babu, kwa maneno yaliyonyooka na barua safi. Mama alikubali tarehe 28, siku aliyolipiga gauni lile pasi. Tarehe 31 Taratibu alifika amevaa viatu vipya, akamwomba alijaribu kwanza. Mama akamwambia yeye si sanamu ya dirishani, ampelekee mwenyewe akalijaribu. Taratibu alilipokea, akasimama kidogo, akaondoka. Habari za posa alizisikia kesho yake kwa kinyozi. Hakurudi tena, na lile bomba la nje lilianza kuvuja kwelikweli, likavuja miezi sita mpaka idara ikatuma fundi mwingine. Gauni alimpa dada yake, akaolewa nalo mwaka uliofuata, na nasikia lilimbana mbavuni.

Mama alifunga ndoa na baba yetu, yule karani, tarehe 12 Aprili 1975. Nilizaliwa mimi mwaka 1977, na mdogo wangu mwaka 1981. Baba alikuwa mtu wa saa na wa gazeti. Alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, akanipakata, akanisomea habari za dunia nzima hata zile zisizomhusu mtoto, na hilo ndilo lililonifanya mwalimu. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani ndoa ile ilikuwa kosa. Walikaa miaka ishirini na sita kwa heshima, na sisi wawili tumetoka humo. Baba aliaga dunia tarehe 6 Novemba 2001, kwa shinikizo la damu, akiwa mezani kwake kiwandani.

Nilimlilia baba vibaya. Mama alipogawa nguo zake kabla ya mwaka kwisha, nilimtolea maneno ambayo hayasemeki hapa, nikaondoka, nikakaa miaka miwili bila kukanyaga nyumbani. Mama alinifuata mwenyewe kwa basi, akanirudisha. Nalitaja hilo kwa sababu tangu hapo aliniogopa kidogo. Alijua mimi nikikasirika huondoka.

Juni 2011, asubuhi, Taratibu aliingia kwenye chumba cha mama na suruali tatu za kupunguzwa kiuno. Alikuwa mjane wa miaka mitatu, hakujaaliwa mtoto, na alikuwa anajipikia mwenyewe kwa ufundi uleule aliokuwa nao wa kutongoza. Mama alimzungushia futi kiunoni, akaisoma, akasema amepungua inchi nne. Akamwuliza nani anamwangalia. Mzee akasema tu, huku futi bado iko kiunoni mwake, kwamba aliwahi kuleta hapa satini nyeupe mwaka sabini na nne.

Mama akasema anakumbuka.

"Vipimo vilikuwa vya nani?" mzee akauliza.

"Vyangu. Ulisema mnalingana naye."

"Nilisema utumie vyako."

Mama alikwenda kwenye kabati, akavuta daftari la mwaka ule, akatafuta ukurasa, akauona mwandiko wake wa ujana, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Alituambia kwamba alicheka kwanza, akacheka hadi akakaa kwenye benchi la wateja, ndipo kicheko kikageuka. Alimwuliza kwa nini hakusema. Mzee wa watu akajibu, "Nilidhani nimeshasema." Siku hiyo mama alifunga mlango saa nne asubuhi. Mafundi wake walidhani kuna msiba.

Kuanzia hapo mzee alikuja kila alasiri, akikaa kwenye benchi la wateja mpaka saa kumi na mbili, kisha akirudi kwake, mitaa miwili kutoka pale, watu wasipate la kusema. Alitengeneza mabomba ya chumba kile, ya nyumbani kwa mama, na ya kinyozi kwa sababu alikuwa karibu. Mama alianza kuimba akishona. Alijishonea gauni la vidoadoa, la kwanza kwa miaka kumi, akalivaa siku ya kazi. Mdogo wangu aliliona akaniambia kwenye simu kwamba mama amerudi ujana. Mimi nilinuna.

Desemba 2012 mzee alimwomba, safari hii kwa maneno. Mama alituambia sote wawili. Mdogo wangu, kwa simu kutoka mbali anakofanya kazi, alisema, "Olewa hata kesho." Kwangu alikuja mwenyewe, nilikuwa nyumbani likizo, akanikuta chumbani akaketi kitandani akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Alisema, "Mwanangu, yule mzee ameniomba. Na mimi nataka."

Nilimwuliza baba yuko wapi katika hayo.

"Baba yako yuko alipo," akasema. "Mimi niko hapa."

Nikamwambia basi asubiri nizoee. Akasema sawa, atanisubiri. Nilidhani nimeomba kitu kidogo.

Mwaka uliofuata, Desemba, aliniuliza kama nimeshazoea. Nikasema, "Bado, mama." Mwaka uliofuata tena aliuliza, na mwingine, kila Desemba, mara moja tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza kama chai imeshakolea. Na mimi, "Bado, mama." Sasa nasema mbele yenu kitu ambacho hata mdogo wangu hakijui. Mwaka wa nne au wa tano nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa nampenda mzee yule. Nani asingempenda? Kila nilipofika aliinuka kwenye lile benchi, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, karibu nyumbani," akaniachia nafasi, akaenda zake ili nikae na mama yangu. Nikiondoka alinibebea mkoba mpaka kwenye basi. Hakuwahi kunikata jicho. Lakini kusema ndiyo kungekuwa kukiri kwamba nilikosea tangu mwanzo, na mimi nina kichwa kigumu, wanafunzi wangu watawaambia. Nikaendelea kusema bado kwa mazoea. Mama alisubiri kwa sababu aliahidi, na kwa sababu aliogopa nitaondoka tena. Mtu aliyekuwa na ulimi mkali kama mkasi kwa kila mteja mkorofi, kwangu alikuwa mpole hivyo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Februari 2021 miguu ilianza kumvimba. Alidhani ni kukaa sana kwenye cherehani. Agosti mwaka huo madaktari walitueleza kwamba figo zote mbili zimechoka, na kwamba lazima asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, katika hospitali iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Mimi nilikuwa na shule yangu mbali zaidi, mdogo wangu yuko mbali kuliko mimi. Aliyempeleka ni mzee. Alimpeleka kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miezi ishirini. Alibeba chupa ya chai, kanga ya kumfunika miguu na gazeti, akakaa kando ya mashine saa nne nzima, wakasengenya mji mzima na kurudi. Alijifunza dawa zote na saa zake. Mara ya kwanza pale hospitali muuguzi alimwuliza yeye ni nani kwa mgonjwa, apate kuandika kwenye fomu. Akajibu kwamba yeye ni fundi wake wa bomba. Muuguzi alicheka, akaandika rafiki. Mama alinisimulia akicheka na yeye, na mimi nikacheka, sikuona kilichokuwa mbele yangu.

Desemba iliyopita, tarehe 28, mama aliniuliza kama nimeshazoea. Alikuwa amekonda, sauti imepungua. Nikamwambia, "Nimezoea, mama. Nilizoea zamani."

Alinitazama sana. "Ungeniambia," akasema. Mpaka leo neno hilo silimalizi.

Nilitaka wafunge ndoa wiki ileile. Mama alikataa katakata. Alisema hawezi kuolewa amelala wala amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ataolewa amesimama kwa miguu yake, na kwa gauni atakalolikata mwenyewe. Alijipima, akacheka alipoona kiuno kimerudi inchi ishirini na sita kama zamani, akasema maradhi nayo yana zawadi zake. Tukapanga mwezi wa pili. Miguu haikukubali. Tukasogeza hadi wa nne. Ikatokea homa ya mapafu. Mzee alisema hana haraka. Alisema hivyo kila tuliposogeza, na sasa najua alikuwa anasema uongo, ndio uongo pekee niliowahi kuusikia kwake.

Jumanne, tarehe 9 Mei, walikwenda hospitali kama kawaida. Saa tatu na nusu, akiwa kwenye mashine, presha ilishuka ghafla. Walimhamishia chumba cha ndani. Sheria ya chumba kile ni kwamba huingia ndugu tu wa karibu. Muuguzi wa zamu, binti mgeni asiyewajua, alimsimamisha mzee mlangoni akamwuliza, "Wewe ni mume wake?"

Angeweza kusema ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo, mimi ningesema. Mzee akajibu, "Bado."

Akaambiwa angoje kwenye benchi la nje na awaite ndugu. Alinipigia simu nikiwa darasani. Nilitoka mbio, chaki mkononi, nikapata basi. Mama yetu aliaga dunia saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, na hakuna hata mtu mmoja wa kwake aliyemshika mkono. Aliyetakiwa kumshika alikuwa nje ya mlango, hatua nane. Nilizihesabu baadaye. Alikuwa amepakata mkoba wa mama na viatu vya mama magotini.

Mimi nilifika saa sita. Mzee aliponiona aliinuka, kama alivyokuwa akiinuka siku zote, akaniachia benchi. Alisema, "Mwalimu, umefika. Kaa." Na mimi nikakaa. Mungu anisamehe, nilikaa, yeye akabaki amesimama na vile viatu.

Jumatano kamati ilikutana sebuleni kwa mjomba. Mjomba alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote, mtu wa utaratibu, na msiba huu umemvunja kama ulivyotuvunja sote; simsemi vibaya. Tulipofika kwenye orodha ya walioachwa, mtu alitaja jina la mzee, na mjomba akauliza karatasi iko wapi. Hatukuwa na karatasi. Ikakubaliwa kwamba aandikwe mwisho, baada ya majirani, kama rafiki wa familia, na kwamba kwenye mazishi akae na watu wa mtaani. Wote walinitazama mimi. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimezoea kumfanya mtu huyu angoje.

Sikulala vizuri. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mchapaji kabla hajaweka wino, nikakaa naye mezani, nikaandika upya ukurasa wa mwisho. Nilimpigia simu mdogo wangu, nikamsomea, akasema niweke na jina lake chini ya langu. Mjomba, hukuonyeshwa, na kosa ni langu peke yangu, mchapaji hana hatia. Uliuliza karatasi. Karatasi ndiyo hiyo uliyoishika, imetiwa saini na watoto wote wawili wa marehemu. Kama haitoshi mahakamani, basi nitakuja unifundishe siku nyingine. Leo inatosha.

Marehemu ameacha mume, fundi bomba mstaafu wa idara ya maji, aliyemwomba mwaka 1974 na akamwomba tena mwaka 2012, na akamwuguza hadi siku ya mwisho. Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Ameacha kaka mmoja na mdogo wake mmoja wa kike. Ameacha mafundi thelathini na wanne aliowafundisha, na wateja ambao wengine tunao hapa wamevaa kazi ya mikono yake.

Mzee, nakuona kule nyuma, karibu na lango. Kuna kiti kimoja mbele hapa, kando ya jeneza, upande wa kichwa chake. Nilikiweka mwenyewe asubuhi, na wote waliotaka kukikalia nimewakatalia. Ni cha mume wa marehemu. Mdogo wangu anakuja kukushika mkono. Tafadhali usivue kofia, usimpishe mtu, wala usinipishe mimi. Njoo tu. Sisi tutasimama na kukungoja, na mstari wa mwisho sitausoma mpaka uwe umekaa.

Mama, mume wako ameingia. Yuko kando yako, hakuna mlango. Pumzika kwa amani.